Mwalimu amemkata mwanangu alama 20 kwa utoro. Ni haki?

Mbukwenyi wasomaji. Shule zimefunga, ripoti zimeingia majumbani, na upepo huu wa Juni hapa Dodoma umeniletea ujumbe mwingi kuliko kawaida. Karibu wote unazunguka jambo moja: alama za mtoto zihesabu anachokijua tu, au tabia na uchelewaji wake viingizwe humohumo? Nimefundisha Jiografia miaka mingi na nimekalia kiti cha mwalimu wa taaluma, kwa hiyo baadhi ya lawama zilizotumwa naona zinanihusu. Maswali nimeyafupisha.

Shikamoo mwalimu. Mwanangu yuko kidato cha pili. Mtihani wa muhula wa Jiografia alipata 71, karatasi iliyosahihishwa ninayo. Kwenye ripoti wameandika 51. Nilipokwenda shuleni nikaambiwa amekatwa 20 kwa utoro na kiburi. Hii ni haki? (Mama, Nkuhungu)

Marahaba mama. Si haki, ingawa aliyefanya hivyo namwelewa.

Tuangalie kwanza ile 51 inasema nini. Kwa madaraja ya kidato cha nne, 71 ni B na 51 ni C. Mtu yeyote atakayeifungua ripoti hiyo, awe mjomba wake, mwalimu wa shule atakayohamia au wewe mwenyewe mwakani, ataelewa kwamba huyu kijana Jiografia anaisukumasukuma tu. Hatajua kwamba ramani anaisoma vizuri ila siku za Jumatatu haonekani. Muhula ujao atawekwa kwenye masomo ya ziada ya mambo anayoyajua, na utoro wake utabaki palepale. Ukienda zahanati kupima uzito, nesi hapunguzi kilo tano kwa sababu ulimjibu vibaya mlangoni.

Sasa geuza hiyo ripoti upande wa pili, au shuka chini ya jedwali la masomo. Kuna sehemu ya tabia na mwenendo: bidii ya kazi, uangalifu wa mali, ushirikiano, heshima, utii, usafi, uaminifu, michezo. Utoro na kiburi vingekaa hapo. Kwa nini havikukaa? Kwa sababu sehemu ile sisi walimu tuliiua zamani. Mimi nimewahi kujaza ripoti 58 usiku mmoja, kesho yake shule inafungwa. Nilishuka na B kutoka juu hadi chini kama mtu anayepanda karanga, kila shimo punje moja. Watoto wote 58 walikuwa B ya uaminifu, akiwamo mmoja niliyekuwa nimemkuta na chaki za ofisini mfukoni.

Na nyinyi wazazi mkaizika. Mzazi akipokea ripoti anauliza, "Umekuwa wa ngapi?" Akishaona wa 12 kati ya 60, ripoti inarudi kwenye bahasha. Mwalimu anayetaka kilio chake kisikike hana pa kukiandika ila penye namba, maana namba ndiyo inayosomwa. Ndiyo maana alikata 20. Alikuwa anakuita, mama, na kwa kweli umekwenda.

Rudi shuleni na karatasi yako, kwa mwalimu wa taaluma, bila shari. Omba 71 irudishwe mahali pake, halafu omba utoro uandikwe kwenye sehemu yake kwa idadi ya siku, kama daftari la mahudhurio linavyoonyesha. Siku tisa ziandikwe tisa. Kisha muulize kijana siku hizo alikuwa wapi. Asije akadhani ameshinda kesi.

Mwalimu, kila mara unawatetea wanafunzi. Mimi nina mikondo mitatu, kila mmoja watoto sitini na zaidi. Nisipokata alama kwa kazi iliyochelewa, daftari haziji kabisa. Wewe ungefanyaje? (Mwalimu wa shule ya kata, Bahi)

Mwalimu mwenzangu, hapo umenikamata, maana sheria hiyo niliitumia: kila siku ya kuchelewa, alama kumi zinaondoka. Niliitangaza siku ya kwanza ya muhula, na niliiona ni ya haki kwa sababu ilikuwa sawa kwa wote.

Nilikuwa nafundisha shule moja ya kata huku Chamwino. Mwezi wa pili, mada ya mito. Kijana mmoja wa kidato cha tatu akaleta daftari siku ya tatu baada ya wenzake, kurasa zimevimba kwa unyevu, wino umetambaa. Nilimsahihisha nikampa 80, halafu kwa kalamu nyekundu, darasa likitazama, nikaikata ikawa 50. Hakusema neno.

Jumamosi yake nikaenda msibani upande wa kijijini kwao. Wakati wa kurudi tulikuta korongo limejaa. Jua linawaka, hapo tulipo halijadondoka tone, na maji yanapita mekundu yamebeba magogo. Tulikaa chini ya mbuyu na wazee, viatu mkononi, mpaka karibu na magharibi ndipo yakapungua. Hapo chini ya mbuyu ndipo nilipokumbuka yule kijana aliandika nini. Swali lilikuwa: eleza tabia za mito ya msimu. Aliandika kwamba maji ya mto wa msimu yanaweza kukufikia bila mvua kunyesha ulipo, kwa sababu yametoka milimani. Nilikuwa nimemwekea tiki.

Sisemi usiweke siku ya mwisho. Iweke, na uikasirikie ikivunjwa. Ila kabla ya kukata jiulize kazi imechelewa kwa nini, maana huku kwetu sababu zina msimu. Mvua zetu ni za mara moja tu kwa mwaka, na zikianza mwezi wa kumi na mbili kila mkono unahitajika kwenye uwele na mtama. Mtoto aliyeshinda shambani au kwenye foleni ya maji si sawa na aliyeshinda kwenye kibanda cha video. Ukiwakata wote kumi kumi umewapima kwa umbali wa nyumba zao.

Halafu kuna sifuri. Hii naomba uipigie hesabu mwenyewe. Mwanafunzi ana 70, 70, 70, na kazi ya nne hakuleta ukamwekea 0. Wastani wake unakuwa 52.5. Ameshuka kutoka B hadi C kwa kazi ambayo wewe hujaiona, na hujui angepata ngapi. Andika "hajaleta" badala ya 0, acha nafasi wazi, kisha mbakize Ijumaa baada ya vipindi aifanye palepale darasani, wenzake wakiwa uwanjani. Wengi wataleta wiki inayofuata bila kukumbushwa. Mpira unauma kuliko alama.

Na punguza kazi zenyewe. Mikondo mitatu ya watoto sitini ni daftari 180. Ukitoa zoezi la nyumbani mara tatu kwa wiki hutazisahihisha, na watoto wanajua kwamba huzisahihishi. Uchelewaji mwingi unaanzia hapo. Toa moja, lianzie darasani dakika kumi na tano za mwisho ili hata wa mbali aondoke na nusu yake, ulisahihishe kweli.

Kuna mahali ambapo muda na maarifa ni kitu kimoja, na hapo kata bila huruma. Nikimpa mwanafunzi zamu ya kusoma kipimamvua kila siku saa tatu asubuhi, akakosa Jumanne, alama ya Jumanne haipo. Mvua ya Jumanne imeshapita, hawezi kuileta Alhamisi. Akiniletea namba, ameitunga.

Kuhusu fimbo uliyoigusia mwishoni mwa ujumbe wako: kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 zinampa mamlaka mkuu wa shule, au mwalimu aliyemwidhinisha kwa maandishi, na mwisho ni viboko vinne. Kuchelewesha daftari la Jiografia hakujawahi kuniingia akilini kuwa ni kosa la kiasi hicho.

Mimi ni kidato cha nne. Mwezi wa tatu nilisimamishwa wiki mbili kwa kupigana. Je, itaingia kwenye alama zangu za NECTA? (Mwanafunzi, Dodoma mjini)

Haitaingia, mwanangu. Alama za upimaji endelevu ambazo shule inapeleka Baraza la Mitihani ni za kazi za masomo. Ila kama majaribio ya wiki hizo mbili yalikupita, hilo ndilo pengo lako, na dawa yake ni kumfuata kila mwalimu wa somo sasa hivi, si mwezi wa kumi.

Lakini swali lako ni la zamani kuliko unavyodhani. Mwaka 1967, kwenye andiko lake la Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alilalamika kwamba mitihani inapima uwezo wa mtu kukumbuka mambo na kuyatoa anapoulizwa, wala haipimi tabia yake au moyo wake wa kutumikia wenzake. Azimio la Musoma la mwaka 1974, la chama cha TANU kuhusu elimu, likataka uzito wa mtihani wa mwisho upunguzwe, na maendeleo ya darasani pamoja na kazi za mikono zihesabiwe. Waliosoma miaka ile watakusimulia jinsi jembe la shamba la shule lilivyokuwa na uzito. Mimi wazo lile nalipenda mpaka leo. Kinachonishinda ni mizani yake: nani anapima utii, na siku hiyo ameamkaje? Mwanafunzi anayeuliza maswali magumu, mwalimu mmoja atamwandika mwerevu na mwingine atamwandika mkaidi.

Kuna tabia moja inayofika moja kwa moja kwenye matokeo, nayo ni ya ndani ya chumba cha mtihani. Baraza hufuta matokeo ya waliofanya udanganyifu, na limewahi kufuta ya walioandika matusi kwenye karatasi za majibu. Kwa upande mwingine, watahiniwa walioshindwa kumaliza mitihani kwa ugonjwa huwa wanapewa nafasi ya kuifanya mwaka unaofuata. Hata Baraza linatofautisha mtoro na mgonjwa.

Ugomvi wako unaweza kujitokeza kwenye cheti cha kuhitimu kinachotolewa na shule, kwenye mstari wa tabia. Nenda kwa mkuu wa shule ukazungumze naye mapema. Miezi mitatu ya utulivu huwa inaonekana.

Binti yangu hana kosa lolote, hachelewi, daftari zake ni safi, walimu wote wanamsifu. Hesabu amepata 24, F. Mwalimu alishindwa nini kumwongezea sita tu za bidii apate D? (Baba, Kongwa)

Baba, hizo sita zingekufurahisha mpaka siku ya matokeo ya kidato cha nne. Msahihishaji wa taifa hamjui binti yako, hajui kwamba anafagia darasa kabla ya wenzake kufika. Na wewe ungekuwa umekaa miaka miwili ukidhani mambo si mabaya sana. Alama za huruma zina ubaya uleule wa alama za hasira, ila hizi hakuna mzazi anayekwenda shuleni kuzilalamikia.

Bidii yake iandikwe kwenye bidii, A ya kweli, na iheshimiwe. Kisha tafuta 24 imetoka wapi. Jaribu hivi jioni moja: chukua maswali matano ya mtihani ule, mtu anayejua Kiingereza amsomee binti kwa Kiswahili, bila kumsaidia kitu kingine. Watoto wetu wanasoma msingi kwa Kiswahili, wanaingia kidato cha kwanza hesabu zilezile zinavaa Kiingereza. Nimewaona wengi wanaojua kugawanya faida kati ya watu watatu, lakini swali likiandikwa kwa Kiingereza wanalikodolea macho. Akipata matatu au manne kati ya matano, tatizo lake ni lugha, na hilo linatibika kwa kamusi na muda. Asipopata hata moja, rudini kwenye sehemu na desimali za darasa la tano. Hilo nalo linatibika, ila taratibu zaidi.

Niko chuo hapa Dodoma. Mhadhiri amekataa kazi yangu kwa kuchelewa saa moja. Kwa maelezo yako yote hayo, si amekosea? (Mwanafunzi wa mwaka wa pili)

Hajakosea. Mwanzoni mwa muhula ulipewa mpango wa somo kwa maandishi, una tarehe na saa, na wewe ni mtu mzima. Kama kulikuwa na msiba au hospitali, peleka ushahidi kwake leo. Kama ni intaneti iliyokata saa sita kasoro dakika tano usiku, mdogo wangu, kazi ilitolewa wiki tatu kabla.

Mwanangu wa darasa la saba kaleta A ya Uraia na Maadili. Wiki hiyohiyo nimeitwa shuleni, amechukua hela ya mwenzake. Hiyo A ni ya nini? (Mzazi, Ipagala)

A ni yake, aliulizwa maswali akayajibu. Hela nayo airudishe, na airudishe mwenyewe, mkono kwa mkono, wewe umesimama pembeni kimya. Hukuandika ni shilingi ngapi.