Ili iweje? Swali lililoninyooshea andiko la mradi

Andiko langu la kwanza la kuomba ruzuku lilirudi na maoni mafupi pembeni ya modeli ya mantiki, ule mchoro wa visanduku na mishale unaoonyesha, kutoka kushoto kwenda kulia, jinsi mradi utakavyoleta badiliko: "Haya ni mazao. Matokeo yako wapi?" Nami nilikuwa nimejaza visanduku vyote vitano: rasilimali, shughuli, mazao, matokeo, athari. Kwenye matokeo niliandika kwa kujiamini: vijana 40 watafundishwa ushonaji.

Kumbe hiyo ni hesabu ya kazi yetu sisi. Waliohudhuria wangapi, vipindi vingapi: hayo ni mazao, unayahesabu siku mafunzo yanapokwisha. Matokeo yako kwa kijana mwenyewe: anakata na kushona nguo bila kusimamiwa, na miezi sita baadaye ana wateja. Sentensi ikianza na "tutatoa" au "tutaendesha", bado uko kwenye shughuli.

Siku hizi naanzia kulia. Naandika kwanza badiliko ninalolitaka, narudi nyuma hadi kwenye rasilimali. Kisha nageuka, nasoma kutoka kushoto, na kila mshale nauuliza: ili iweje? Usiponijibu, shughuli yake naifuta hata kama naipenda. (Hafla ya uzinduzi huwa ya kwanza kuondoka.)

Visanduku mtu yeyote atajaza; kazi iko kwenye mishale. Kati ya "wanajua kushona" na "wana kipato" mimi niliruka shimo zima. Cherehani watazitoa wapi? Nguo zao nani atanunua? Nilikuwa nachukulia tu kwamba mambo yatajipa. Dhana za namna hiyo ziandike waziwazi chini ya mchoro. Nilipoziandika za kwangu, niligundua cherehani hazikuwemo kwenye shughuli wala kwenye bajeti. Ndiyo maana sasa nachora kabla ya kugusa bajeti.

Athari usiitie chumvi. Mradi wa mwaka mmoja hauondoi umaskini. Andika unachangia nini.

Wafadhili wengine watataka bao mantiki (logframe), lile jedwali lililobuniwa kwa ajili ya USAID mwishoni mwa miaka ya 1960, lenye viashiria na njia za kuvithibitisha. Ukiwa na mchoro ulionyooka, kulijaza si kazi kubwa.

Kabla ya kutuma, nampa mchoro mtu asiyeujua mradi, anisimulie yeye. Nanyamaza, kalamu mkononi. Anapokwama naweka alama.