Wasomaji Wauliza: Kujenga FreeBSD Kutoka Msimbo Chanzo

SWALI: Nimetumia Linux kwa miaka kadhaa na sasa nataka kujaribu FreeBSD. Naona wenyewe husema wanajenga "dunia" na "kerneli". Dunia gani hiyo, na nianzie wapi nikishaufungua msimbo? (Msomaji, Dodoma)

JIBU: Linux yenyewe ni kerneli tu, yaani kiini cha mfumo kinachoongoza vifaa vya mashine. Kompaila (programu inayogeuza msimbo kuwa programu), maktaba na zana za kila siku hutoka kwenye miradi mingine, na wanaoandaa Debian au Fedora ndio huziunganisha. FreeBSD, mfumo endeshi uliorithi kazi ya Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, huweka kerneli na zana zote za msingi kwenye hazina moja. Hazina hiyo ilihamishiwa Git, zana ya kutunza matoleo ya msimbo, mwishoni mwa 2020. Kwa kuwa vyote viko pamoja, amri moja hutosha kujenga mfumo mzima.

Kerneli iko kwenye folda ya `sys`. Dunia ni vyote vilivyobaki: `bin`, `sbin`, `lib`, `usr.bin`, `usr.sbin` na wenzao. Folda ya `contrib` ina kazi zilizoletwa kutoka miradi mingine, kubwa kuliko zote ikiwa LLVM, ambamo ndimo inamotoka kompaila ya Clang. Usiiguse bila sababu. Kinachojengwa huwekwa `/usr/obj`, kwa hiyo `/usr/src` hubaki safi.

Kuna matawi, yaani nakala za msimbo zinazoendelezwa kando, ya aina tatu. `main` ni uwanja wa kazi wa watengenezaji na siku yoyote inaweza kukukwama mkononi. `stable/14` hupokea mambo mapya yaliyokwisha kujaribiwa. `releng/14.3` hupokea marekebisho ya usalama na hitilafu kubwa tu, na ndilo tawi la kuanzia. Sakinisha git kwa `pkg install git`, kisha:

`git clone --depth 1 -b releng/14.3 https://git.freebsd.org/src.git /usr/src`

Sehemu ya `--depth 1` huacha historia na kuleta hali ya leo tu, jambo litakalookoa bando lako. Tenga GB 20 za diski kwa msimbo na matokeo yake, kisha soma faili la `UPDATING` kabla ya amri yoyote nyingine. Humo ndimo yanamoandikwa mabadiliko yanayovunja ujenzi.

SWALI: Laptop yangu ina RAM ya GB 4 na kori 4. Nimeendesha `make -j8 buildworld` mara tatu. Kila mara inakatika baada ya muda mrefu, na mwishoni naona "Error code 1" tu. Msimbo ni mbovu? (Msomaji, Nakuru)

JIBU: Msimbo hauna shida. Mstari wa mwisho ndio unaokupoteza. Ukitumia `-j`, kazi kadhaa huenda sambamba. Moja ikianguka, nyingine humalizia walichoanza, na maneno yao hufunika kosa lenyewe. Hifadhi kila kinachotoka:

`script /var/tmp/bw.log make -j2 buildworld`

Ujenzi ukianguka, fungua faili hilo na utafute kutoka juu neno `error:` au nyota tatu za kwanza. Hapo ndipo chanzo kilipo, hata kama ni mistari mia kadhaa kabla ya mwisho. Usipitishe matokeo kwenye `tee` ukiunganisha na `&&`: shell huchukua jibu la `tee`, ambayo huwa imefaulu, na amri inayofuata huanza ilhali ujenzi umeshakufa.

Kwa mashine yako, nina hakika karibu yote kwamba kumbukumbu imekwisha. Baadhi ya mafaili ya LLVM hula RAM nyingi sana yakikompailiwa, na wewe umeruhusu manane kwa pamoja. Tazama `/var/log/messages`: ukikuta mstari unaosema `c++` "was killed: failed to reclaim memory", kerneli imeiua kompaila ili mashine ipumue. Kanuni ninayoishika ni kazi moja kwa kila GB 2 za RAM, kwa hiyo kwako ni `-j2`. Ongeza na swap (nafasi ya diski inayosaidia RAM) ya GB 4. FreeBSD hupanga mafaili kwenye diski kwa UFS au ZFS. Kama diski yako ni UFS, tengeneza faili:

`dd if=/dev/zero of=/usr/swap0 bs=1m count=4096`
`chmod 0600 /usr/swap0`

Kisha weka mstari huu kwenye `/etc/fstab` na uendeshe `swapon -aL`:

`md none swap sw,file=/usr/swap0,late 0 0`

Kwenye ZFS usiweke swap ndani ya faili; tenga kizigeu chake.

Punguza pia kazi yenyewe. Kwenye `/etc/src.conf` andika `WITHOUT_LLVM_TARGET_ALL=yes`, ili Clang ijengwe kwa aina ya prosesa yako peke yake, pamoja na `WITHOUT_LLDB=yes`, `WITHOUT_TESTS=yes` na `WITHOUT_DEBUG_FILES=yes`. Usishangae pia ukiona Clang ikijengwa mara mbili. Kama kompaila iliyosakinishwa hailingani na ile ya kwenye msimbo, ujenzi hutengeneza kwanza kompaila ya muda, kisha huitumia kujenga ile ya kudumu.

Ukipunguza yote hayo na bado ikaanguka, linganisha mahali. Ikianguka palepale kila mara, tatizo ni msimbo au mipangilio yako. Ikianguka kila mara mahali tofauti, hasa kwa "signal 11" (programu imegusa kumbukumbu isiyo yake), shuku RAM mbovu au joto. Safisha feni na uache memtest86+, programu ya kupima RAM, ikeshe usiku mzima.

SWALI: Nilijenga vyote vikafaulu, nikaona niharakishe: nikaendesha `make installworld` kabla ya kerneli. Sasa hata `ls` inasema "Bad system call". Nifute diski? (Msomaji, Zanzibar)

JIBU: Usifute kitu. Kerneli mpya hutunza milango ya zamani, kwa hiyo programu za zamani huendelea kufanya kazi juu yake. Kinyume chake hakipo: programu mpya zikiomba huduma ambayo kerneli ya zamani haiijui, huuawa papo hapo. Ndicho kilichokupata.

Kama unatumia ZFS na ulikuwa na mazingira ya kuwasha ya akiba (nakala ya mfumo unayoweza kuirudia), yachague kwenye menyu ya kuwashia na mambo yamekwisha. Kama huna, washa mashine kwa USB ya usakinishaji ya toleo lilelile jipya na uchague Live. Kwa diski ya UFS (kizigeu chako huenda kina jina jingine):

`mount /dev/ada0p2 /mnt`
`mount -t devfs devfs /mnt/dev`
`chroot /mnt`
`cd /usr/src && make installkernel`

Toka na uwashe upya. Kerneli uliyokwisha kuijenga itakuwa mahali pake.

Safari nyingine fuata mpangilio huu. Kujenga hakuharibu chochote, kwa hiyo `make -j2 buildworld` na `make -j2 buildkernel` zinaweza kwenda huku ukiendelea na kazi zako. Kwenye ZFS, tengeneza akiba kwa `bectl create kabla`. Halafu `make installkernel`, uwashe upya. Kerneli mpya ikigoma, ya zamani iko `/boot/kernel.old` na menyu ya kuwashia itakuruhusu kuichagua. Dunia yako bado haijaguswa. Ikiwaka vizuri, endesha `etcupdate -p`, kisha `make installworld` bila `-j`, kisha `etcupdate -B`, na uwashe tena.

Watu wengi huruka `etcupdate -p` wakiona ni mapambo. Kazi yake ni kuongeza watumiaji na vikundi vipya ambavyo mafaili mapya yatamilikishwa. Bila hiyo, `installworld` inaweza kusimama katikati kwa sababu mtumiaji hajulikani, ukabaki na mfumo nusu mpya nusu wa zamani. Husimama vilevile `/tmp` ikiwa imepachikwa kwa `noexec`.

SWALI: Huku umeme hukatika ovyo. Kila ukikatika naanza upya. Hakuna njia? (Msomaji, Mwanza)

JIBU: Ipo. Andika `WITH_META_MODE=yes` kwenye `/etc/src-env.conf` na upakie moduli (kipande kinachoongezwa kwenye kerneli) kwa `kldload filemon`. Kuanzia hapo ujenzi huweka rekodi ya kila faili lililotumika, na ukirudia amri hujenga kilichobaki au kilichobadilika tu. Umeme ukikatika faili likiandikwa, laweza kubaki limekatika. Linka, yaani programu inayounganisha vipande vilivyokompailiwa, ikilalamikia faili fulani la `.o`, lifute na urudie. Kagua pia saa kwa amri ya `date`. Betri ya ubao mama ikiwa imekufa, tarehe hurudi nyuma na `make` hushindwa kujua kipi ni kipya.

SWALI: Baada ya kerneli mpya skrini inakuwa nyeusi pale moduli ya michoro inapopakiwa. (Msomaji, Kampala)

JIBU: `drm-kmod`, yaani moduli za michoro, haimo kwenye msimbo wa msingi, na moduli yako ilijengwa kwa kerneli ya zamani. Ingia katika hali ya mtumiaji mmoja, itoe kwenye `kld_list` ndani ya `/etc/rc.conf`, kisha ijenge upya kutoka ports, mkusanyo wa programu za ziada wa FreeBSD. Mstari wa `PORTS_MODULES=` kwenye `/etc/src.conf`, ukitaja port yenyewe ya moduli uliyosakinisha, mfano `graphics/drm-61-kmod`, utaifanya ijengwe pamoja na kila kerneli. Na usikimbilie `make delete-old-libs` hadi vifurushi vyako vyote vimesasishwa, maana huenda baadhi bado vinategemea maktaba hizo za zamani.