Maswali Yenu ya Jikoni: Kinoo na Makali ya Kisu

Barua nyingi zilizotufikia safari hii zinahusu visu visivyokata, na karibu zote zinaishia kwenye kinoo: kinunuliwe kipi, kilowekwe au kisilowekwe, na kwa nini mtu husugua kisu kwa muda mrefu bila kuona makali. Tumeziweka pamoja katika toleo hili, na yale yanayohitaji maelezo marefu tumeyapa nafasi yake.

SWALI: Nimenunua kinoo cha pande mbili, upande mmoja umeandikwa 400 na mwingine 1000. Muuzaji aliniambia tu kwamba ni cha maji. Je, nikiloweke usiku kucha au nikinyunyizie tu? Na hizo namba zina maana gani? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Namba zinaeleza ukubwa wa chembe zinazokwangua chuma. Namba ikiwa ndogo, chembe ni kubwa na kinoo kinakula chuma haraka. Namba ikiwa kubwa, chembe ni ndogo, kazi inakwenda polepole na makali yanatoka laini zaidi. Upande wa 400 ni wa kisu kilichobutuka kabisa au kilichomeguka mapengo, na hauhitajiki kila mara. Upande wa 1000 ndio wa kazi ya kawaida, na kwa maoni yangu mpishi wa nyumbani anaweza kuutumia huo peke yake kwa miaka mingi bila kukosa kitu. Vipo vinoo vya 3000, 6000 na hata 8000, ambavyo wapishi wa Japani huvitumia kwa visu vya kukatia samaki mbichi, lakini kwa anayekata vitunguu, nyanya, sukuma wiki na nyama ya mchuzi hiyo ni gharama isiyo ya lazima. Makali yaliyotoka kwenye chembe za 1000 yana ukwaruzo mdogo usioonekana kwa macho, na ukwaruzo huo ndio unaoshika ganda la nyanya.

Kuhusu maji, jaribu hivi: mwaga maji kidogo juu ya kinoo kikiwa kikavu. Yakizama mara moja, kinoo chako ni cha kulowekwa. Kitie ndani ya beseni kwa dakika 10 hadi 20, mpaka viputo vikome kupanda, na uwe na maji pembeni ya kuongeza kila uso unapokauka. Yakibaki juu au yakitiririka, kinoo ni cha kunyunyiziwa tu. Usiku kucha usikiloweke kabla hujajua kimetengenezwa kwa namna gani, kwa sababu vipo vinoo ambavyo chembe zake zimeshikanishwa kwa magnesia au kwa utomvu wa viwandani, na hivyo vikikaa majini muda mrefu hulainika, kisha vikikauka hupata nyufa ambazo hazitengenezeki. Ikiwa ndani ya boksi mlikuwa na karatasi ya maelekezo, fuata hiyo kabla ya kunifuata mimi.

SWALI: Shikamoo mwandishi. Ninasugua kisu mpaka mkono unachoka, lakini bado kinateleza juu ya nyanya. Nimebadilisha kinoo mara mbili sasa. Kosa liko wapi? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Marahaba. Usinunue kinoo cha tatu. Katika barua za namna hii, mara nyingi kosa haliko kwenye kinoo wala kwenye nguvu ya mkono, bali kwenye pembe ambayo kisu kinalazwa. Makali ni mahali ambapo miteremko miwili ya chuma inakutana, na kila mgongo wa kisu unapopanda na kushuka mkononi mwako, unasaga sehemu nyingine ya mteremko huo. Baada ya muda chuma kimepungua, kinoo kimejaa tope la kijivu, na pale miteremko inapokutana pamebaki pa mviringo kama pa mwanzo.

Visu vingi vya mtindo wa Ulaya hunolewa kwa pembe ya digrii 20 hivi kila upande, na vya Kijapani vyenye makali ya pande mbili kwa digrii 15 hivi. Hizo digrii zigeuze ziwe kipimo unachoweza kukiona: ikiwa bapa la kisu chako lina upana wa milimita 45 kutoka mgongoni hadi kwenye makali, mgongo uinuke milimita 12 juu ya kinoo kwa digrii 15, na milimita 15 kwa digrii 20. Pima kwa rula, chonga kijiti au kunja karatasi ngumu yenye unene huo, na kila unapoanza kunoa kiweke chini ya mgongo ili mkono ukumbuke mlalo wake. Kisha chukua kalamu ya wino mzito, ile ya kuandikia kwenye maboksi, upake mteremko wa makali kutoka karibu na mpini hadi nchani. Sugua mara mbili tatu tu na utazame. Wino ukiwa umebaki kwenye ukingo wenyewe, umekilaza kisu mno. Ukiwa umeondoka ukingoni peke yake, umekiinua mno. Ukiwa umefutika mteremko mzima, hapo umepata, na sasa kazi ni kuushika mlalo huo.

Sababu ya pili ni kugeuza kisu mapema. Chuma kinaposagwa upande mmoja hadi mwisho wake, kitu chembamba sana huinuka upande wa pili, uzi wa chuma usioonekana kwa urahisi lakini unaosikika kwa kidole. Weka kidole gumba juu ya bapa na ukivute kutoka mgongoni kuelekea nje ya makali, kwa kukatisha, kamwe usikipitishe kwa urefu wa makali. Uzi ukiwapo, ngozi itanaswa kidogo pale kidole kinapotoka. Usiukubali mpaka uusikie kuanzia karibu na mpini hadi nchani, kwa kuwa hizo sehemu mbili ndizo zinazosahauliwa: karibu na mpini mkono unakosa nafasi, na nchani bapa linapinda, kwa hiyo inabidi uinue mpini kidogo ili ncha iguse kinoo. Ukishaupata uzi wote, ndipo ugeuze kisu na kufanya vilevile upande wa pili.

Mwishoni punguza nguvu hadi kisu kiwe kinaguswa tu na uzito wake, ukigeuza upande kila mpigo, ili uzi huo udhoofike na kuondoka. Hatua hii wengi wanairuka, na hiyo ndiyo maana unasikia mtu akilalamika kwamba kisu kilikuwa kikali jana na leo hakikati. Kilichokuwa kinakata jana ni uzi, na umeshalala. Tope la kijivu linalotokea juu ya kinoo cha maji usilioshe katikati ya kazi, kwani limebeba chembe zilizong'oka na linasaidia kusaga; liongezee maji tu linapokuwa zito.

SWALI: Kinoo changu kimebonyea katikati kama mtumbwi. Bado kinafaa, au nikitupe? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Kinafaa, ila si katika hali hiyo. Kinoo cha maji ni laini kwa makusudi: chembe zilizochoka hung'oka ili mpya zitokeze, na ndiyo sababu kinanoa haraka, na ndiyo sababu pia kinaliwa. Watu wengi husugulia katikati tu, basi katikati panazama, na kisu kinachopitishwa juu ya bonde hakiwezi kukaa kwenye pembe moja hata ukiwa na mkono wa fundi. Hili ndilo jambo la utunzaji ninaloliona limepuuzwa kuliko yote, na linanisikitisha kwa sababu dawa yake ni ya bei nafuu.

Tafuta kipande cha kioo kinene kisichopinda, au kigae cha sakafu kilichonyooka, na karatasi ya msasa wa maji, ule wanaotumia mafundi wa rangi za magari, namba 120 au 220. Lowesha msasa, uulaze juu ya kioo, uutulize kwa maji. Chora miraba ya penseli juu ya uso wote wa kinoo, kisha kisugue juu ya msasa kwa mzunguko ukibadilisha upande wa kushika. Penseli itafutika kwanza kwenye kingo na kubaki katikati, na hapo utaliona bonde kwa macho yako. Endelea mpaka mistari yote iondoke, chora tena, rudia. Siku ambayo mistari yote inafutika kwa pamoja, kinoo kimenyooka. Malizia kwa kuvunja ukali wa kingo zake nne kwa msasa huohuo, kwa sababu ukingo mkali wa kinoo humeguka kirahisi. Usingoje tena kibonyee namna hiyo. Kinyooshe kidogo kila baada ya kunoa mara chache, na unaponoa tumia uso wote, pamoja na pembeni.

Baada ya kazi kioshe kwa maji matupu, kisimamishe kwa ubavu mahali penye hewa na kivuli, na ukiache siku moja au zaidi. Jua kali hukikausha nje wakati ndani kingali na maji, na hapo nyufa huanza. Kikifungiwa kwenye boksi kingali kibichi huota ukungu.

SWALI: Assalaam alaykum. Marehemu babu aliniachia kinoo cha mafuta, kizito, kimekuwa cheusi na kinateleza, hakinoi tena. Je, nikitie mafuta ya kupikia? (Msomaji, Maskati)

JIBU: Wa alaykum salaam. Mafuta ya kupikia hapana, hata ya zeituni. Yakikaa hewani huganda na kuwa gundi, na huenda gundi hiyo ndiyo iliyoziba vitundu vya kinoo cha babu. Kisafishe kwa mafuta ya taa na brashi ngumu, nje ya nyumba na mbali na moto, ukirudia na kupangusa mpaka kitambaa kitoke bila weusi. Kisha tumia mafuta mepesi ya madini. Mafuta ya cherehani yanafaa kabisa. Kazi ya mafuta ni kuzibeba chembe za chuma zisizame ndani, kwa hiyo ukimaliza kunoa yapanguse yote. Kwenye kinoo cha maji, kwa upande mwingine, usidondoshe mafuta hata kidogo, kwani yakishaingia maji hayakubaliki tena.

SWALI: Nilimpa kisu changu fundi mwenye grainda ya umeme. Kimerudi kikali lakini makali yana rangi ya buluu, na baada ya siku chache yamelala. Nirudi kinoo? (Msomaji, Dar es Salaam)

JIBU: Rudi. Chuma cha kisu hupata ugumu wake kwa kupashwa moto mkali, kuzimwa ghafla, kisha kupashwa tena kwa joto la wastani. Kwenye chuma cha kaboni, buluu huonekana joto linapokaribia sentigredi 300, zaidi ya kiwango ambacho visu vingi vya jikoni huachiwa kiwandani, kwa hiyo sehemu ile imelainika na haitashika makali. Saga kwa upande wa namba ndogo mpaka buluu yote iishe, ndipo uendelee na 1000. Si kila fundi wa mtaani anayeunguza visu: wapo wenye mawe ya kukanyagwa kwa baiskeli ambao huchovya kisu majini kila baada ya mipigo michache, na kisu chao hutoka salama.

SWALI: Bibi yangu hunoa kisu kwenye kitako cha kikombe. Je, kinanoa kweli? (Msomaji, Unguja)

JIBU: Kinanoa. Duara la chini la kikombe cha kauri, lile lenye ukwaruzo lisilopakwa mng'ao, ni gumu kuliko chuma, na linatosha kuyaamsha makali yaliyolegea kati ya siku moja ya kinoo na nyingine. Kisu kilichobutuka kabisa halitakifufua. Geuza kikombe juu ya kitambaa chenye unyevu ili kisiteleze, tumia pembe ileile ya kinooni, mipigo michache kila upande, bila kukandamiza. Kikombe chenye ufa kisitumike, na kisu kioshwe kabla ya kukata chakula, kwa kuwa mistari ya kijivu inayobaki kwenye duara ni chuma, na kingine kimebaki kwenye makali.