Kinu cha mama

Mwanangu Somoe,

Umeniuliza kama ile video aliyoirusha baba yako mdogo kwenye kundi la ukoo, ya nyumba zinazoungua na maneno "wakishinda hawa, Mtwara ndiyo itakuwa hivi", ni ya kweli au ya kutengeneza. Macho yangu unayajua. Moto niliuona, wa wapi sikuutambua. Ila ile sauti ilinirudisha Nanguruwe, Oktoba 1995.

Kwamba nilipanda gari la kampeni na kipaza sauti, unajua. Mama yako hachoki kunicheka. Mwisho wake hajakuambia. Tulifundishwa kusema wenzetu wa upande wa pili wakishinda ni vita, tutaje Rwanda. Mimi, kijana mpenda kushangiliwa, nikaongeza la kwangu, la vita vya Msumbiji: "Ya ng'ambo ya Ruvuma mmeyasahau?"

Usiku mlango ukagongwa. Ni yule bibi Mmakonde wa Msumbiji aliyekuwa akituuzia ming'oko, ile mizizi ya porini, furushi kichwani, na kinu cha mama amekibiringisha mpaka kibarazani. Alikuja kukirudisha, maana hakimbii na kitu cha watu. Akaniuliza taratibu, "Wamefika wapi, baba?"

Nikacheka, Somoe. Wa kuulizwa nilikuwa mimi hasa, nami nikacheka.

Alilala mikoroshoni na wajukuu zake siku tatu. Kura ikapita hayupo. Ndiyo maana nasema kila siku: mtu ukimtisha hajachagua, amekimbia tu.

Gari letu lile mafuta yakiisha tulinyamaza. Simu inalala na mtu kitandani. Tena wewe mwenyewe, ulipokuja Idi, ulinisimulia ile video ya Kenya ya 2017, iliyoonyesha nchi itakavyoangamia ifikapo 2020 iwapo Raila atashinda, na kampuni ya Texas iliyohusishwa na kampeni ile. Texas! Mimi angalau niliwajua niliowatisha.

Lakini hapo hapo najikwaa. Oktoba 2020, wiki mbili kabla ya uchaguzi, Kitaya, kijiji cha mpakani huku Mtwara, ilivamiwa kweli na watu waliovuka mto Ruvuma. Siku ile ungeambiwa "msiogope, ni maneno ya kampeni", ungekufa. Basi si kila anayetisha ni mwongo, na hofu nyingine ni ya kumpa mtu asante. Tofauti naiona hivi: mwenye kukuonya hukuambia upite njia gani. Sisi kwenye gari hatukumwonyesha mtu njia. Tulitaka kura. Au najitetea tu kwa kujilaumu? Sijui. Hata hivyo, mtu ukimtisha hajachagua.

Kuhusu baba yako mdogo, usimjibu kundini mbele ya wanawe. Mpigie. Usianze na ukweli wala uongo wa video, muulize kwanza yeye mwenyewe anaogopa nini, maana tangu bei ya korosho iyumbe halali vizuri. Ningekuambia amekosea, neno liko mdomoni kabisa, lakini aliyekuwa ameshika betri ya kile kipaza sauti, miaka kumi na minne, kaptula imechanika, alikuwa yeye.

Baba yako