Kwa nini namtaja Ventura kwanza

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi. Mimi na mama yako hatujambo.

Umeniuliza kwa nini, tukizungumzia wapigaji wa besiboli waliotoka chuo kikuu cha Oklahoma State, namtanguliza Robin Ventura mbele ya Pete Incaviglia, ilhali rekodi za Incaviglia ndizo zinazotisha. Kweli zinatisha. Msimu wa 1985 peke yake alipeleka mipira 48 nje ya uwanja, na kwa misimu mitatu ya chuo akafikisha 100. Alikataa kuanzia ligi ndogo, akaingia moja kwa moja Texas Rangers, timu ya ligi kuu, mwaka 1986. Huko alipeleka nje 30, lakini akatolewa kwa straiki tatu, yaani kushindwa kuupiga mpira, mara 185. Nguvu zake naziheshimu.

Ventura alinivuta kwa utulivu. Mwaka 1987 alicheza mechi 58 mfululizo bila kukosa angalau mpigo mmoja safi, yaani wa kumfikisha salama walau besi ya kwanza, kituo cha kwanza kati ya vinne vya kuzunguka. Joe DiMaggio alifikisha 56 mwaka 1941, ingawa sipendi watu wanavyowalinganisha: DiMaggio alikuwa ligi kuu, mbele ya warushaji waliokomaa, tena kwa gongo la mti, na chuoni hutumia la alumini. Mfululizo wa Ventura ulikatikia Omaha walipocheza na Stanford, na mrushaji aliyeanza siku hiyo alikuwa Jack McDowell. Baadaye wote wawili wakajikuta Chicago White Sox, timu moja.

Sasa sikia kilichompata Ventura huko Chicago. Mwaka 1990, msimu wake kamili wa kwanza, alisimama kupiga mara 41 asipate mpigo hata mmoja. Mara 41, mwanangu, mtu yule yule wa mechi 58! Kila jioni maelfu wanamtazama akirudi kukaa mikono mitupu. Timu haikumweka kando, naye akaendelea kuilinda besi ya tatu vizuri. Mwaka uliofuata mapigo yake yaliingiza pointi 100, akapata na Glavu ya Dhahabu, tuzo ya walinzi bora. Alizikusanya sita. Machi 1997 alivunjika kifundo cha mguu. Julai hiyo hiyo alikuwa uwanjani. Alipostaafu mwaka 2004 alikuwa amepeleka nje mipira 294, na 18 kati ya hiyo besi zote zikiwa zimejaa wakimbiaji wa timu yake. Incaviglia aliishia 206.

Ukipata nafasi, tafuta video ya Oktoba 1999, New York Mets dhidi ya Atlanta. Ni usiku, mvua inanyesha, awamu ya 15 wakati mechi ya kawaida ina 9, besi zimejaa. Ventura akaupeleka mpira nje, na wenzake wakamvamia kwa furaha kabla hajafika besi ya pili. Kwa kuwa hakumaliza kuzunguka, aliandikiwa mpigo wa besi moja tu. Mets walishinda 4 kwa 3. Ukishaitazama nipigie, hata kama ni usiku.

Wabusu wajukuu zangu.

Baba yako