Vifaranga Wanatoweka Usiku: Je, Nitumie Sumu ya Panya?

SWALI: Mtaalamu, shikamoo. Nafuga kuku 30 wa kienyeji nyuma ya nyumba yangu, Kimara, Dar es Salaam, katika banda la mabanzi lililozungushiwa wavu wa kuku. Kwa muda wa wiki mbili nimepoteza vifaranga 11, wote usiku, na asubuhi sikuti damu wala manyoya. Jirani ananishauri ninunue sumu ile inayotangazwa mitaani kwa kipaza sauti. Je, niitumie?
Mfugaji, Kimara

JIBU: Marahaba, na pole kwa hasara hiyo. Kwa maelezo yako mshukiwa wa kwanza ni panya, kwa kuwa kicheche akiingia bandani aghalabu huua kuku kadhaa na kuacha mizoga, ilhali panya humburura kifaranga mzima hadi shimoni. Ili uhakikishe, jioni ziba kila shimo kwa karatasi iliyofinyangwa. Shimo ambalo asubuhi utakuta karatasi yake imesukumwa ndilo linalokaliwa.

Sumu hiyo iache. Vipakiti vingi vya namna hiyo havina lebo, na mtoto akiila hutaweza kumweleza daktari alichokula. Isitoshe, sumu nyingi za panya huzuia damu kuganda na huchukua siku kadhaa kumuua, hivyo panya aliyedhoofika huweza kufia humo bandani, na kuku, ambaye hana uchaguzi, akamdonoa.

Kinachowavuta panya hasa ni chakula cha kuku. Vifaranga ni nyongeza tu. Panya mkubwa hula takribani gramu 25 kwa siku, kwa hiyo panya 10 watakumalizia kilo 7 na nusu kwa mwezi. Kuku hali gizani, na pumba inayolala bandani inawalisha panya peke yao. Ifikapo saa 12 jioni toa vyombo vyote, fagia kilichomwagika juu ya maranda, na chakula cha gunia ukihamishie katika pipa la chuma lenye mfuniko. Plastiki haifai: nimewahi kukuta ndoo ya rangi, tena ile nene, imetobolewa kwa usiku mmoja.

Wavu ulio nao unamzuia kuku asitoke, basi. Panya hupita penye upenyo wa sentimita 2. Tafuta wavu mgumu wa chuma wenye matundu ya nusu inchi, uufukie sentimita 30 ardhini, kisha ncha yake ya chini uikunje kuelekea nje kwa kiasi hicho hicho, ili panya anayechimba kando ya ukuta agonge chuma kila anapojaribu. Bei yake si ndogo, nakiri. Fedha zikipungua, anza na chumba cha vifaranga. Mashimo yazibe kwa zege lililochanganywa na vipande vya chupa, lakini baada ya kuondoa chakula, vinginevyo watachimba mengine usiku uleule. Panya watakaosalia watege kwa mitego ya kubana iliyowekwa ndani ya boksi la mbao lenye tundu la kumtosha panya tu, kuku wasije wakavunjwa vidole.