Nani apange mtoto asome nini? Mimi nimekosea mara mbili

Juzi mama mmoja wa Ngamiani, Tanga, kaniandikia: "Mwalimu, mwanangu ana miaka 12, shule ya kawaida imemshinda. Nimepata mtu wa kumfundisha pembeni, ila tunabishana. Nani apange asome nini? Mimi, yeye mwalimu, au mtoto?"

Dada yangu, umemuuliza aliyeungua.

Darasa langu nililianza hapa Bagamoyo, chini ya mkungu, si mbali na soko la samaki. Watoto 14, wengi wameacha shule. Kichwani nilikuwa na Summerhill, ile shule ya Uingereza aliyoianzisha A. S. Neill mwaka 1921: kuingia darasani ni hiari, na kwenye mkutano kura ya mtoto ni sawa na ya mwalimu. Nikasema na sisi tupige kura. Mpira ukashinda. Kesho yake, mpira tena. Wiki ya tatu nilikuwa refa, na bado najisifu kwamba nalea watoto huru. Sikuwaza kwamba wale wa Summerhill wanalala bweni na chakula kipo mezani.

Akaja mama mmoja muuza samaki wa kukaanga, unga bado mikononi. Nikamkaribisha mkekani, hakukaa.

"Mwalimu, mpira anaweza kucheza bila wewe."

Akamshika mwanawe mkono, akampeleka MEMKWA, ule mpango wa serikali wa walioikosa elimu ya msingi.

Nikaumia. Hasira ikanitupa upande wa pili: vitabu vya shule, ratiba ya dakika 40, hakuna kuulizana. Giza la mwezi likaingia, dagaa wakaanza kutoka, darasani wakabaki watatu.

Aliyenifungua macho ni kijana wa miaka 15 aliyekuwa akienda baharini. Alirudi na karatasi ya sigara yenye tarakimu. "Mwalimu, nisomee. Naona naibiwa." Tukaandika mchangani: mauzo 180,000, toa mafuta 60,000. Kinachobaki nusu ya chombo, nusu ya wavuvi watano. Akafuta, akarudia, akapata 12,000. Yeye alipewa 9,000. Alikaa kimya, kisha akaniuliza asilimia ni nini. Somo hilo nilikuwa nimelipanga miezi minne mbele! Wiki iliyofuata alikuja na wenzake wawili, kila mmoja na karatasi yake.

Kwa hiyo dada, usimuulize mtoto "unataka kusoma nini?" Atakujibu mpira, kama wangu. Muulize nini kinamsumbua, nani anamzidi ujanja. Hapo yeye ndiye bosi. Lakini kusoma, kuandika na hesabu si mambo ya kupigiwa kura, na hapo simuombi ruhusa mtoto wala mzazi. Na wewe mzazi uulizwe mapema, usije ukaitwa siku ya mahafali kupiga makofi. Mimi sikuwauliza wazazi hata mmoja. Nilidhani wauza samaki hawana la kusema kuhusu elimu. Naandika hili nikiona haya.

Na sisi tunaojiita walimu mbadala, tuache majivuno. Mwalimu Nyerere katika Elimu ya Kujitegemea, 1967, alitaka wanafunzi washiriki kuamua mambo ya shamba la shule. Tukachukua jembe, maamuzi tukabaki nayo wakubwa. Leo tunamfungia mtoto kwenye ngoma na uchongaji kwa sababu watalii wanapenda, halafu tunaita uhuru. Umemuuliza? Mama yake umemuuliza?

Yule kijana wa karatasi sasa ndiye anayeandika daftari la chombo. Hilo nalitangaza kila nikipata nafasi, mnisamehe.

Yule mama bado anakaanga palepale sokoni. Mwanawe yuko kidato cha pili. Kila nikipita ananiita kwa sauti, wateja wote wasikie: "Habari za mpira, mwalimu?" Nanunua kipande cha changu, nalipa, naondoka.